Viti Viwili Vyekundu

Ukitaka kumjua mtu wa Dar es Salaam, usimtazame msikitini wala harusini. Mtazame dukani kwa Mhindi wiki ya Idi. Huko watu wazima na ndevu zao husukumana kama mbuzi mlangoni pa zizi, na mwenye haya hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwanaasha binti Salumu hakuwa na haya ya namna hiyo. Alikuwa fundi cherehani wa Temeke, mwezi ulikuwa karibu kuandama, na wateja wake walikuwa hawalali wala hawamwachi alale. Akajipenyeza katikati ya watu, buibui limemteleza mabegani, kanga ya manjano inachungulia, mpaka akaifikia meza ya kukatia vitambaa na kuweka mkono juu ya jora la mwisho la ngozi ya bandia, jekundu la kuiva.

Mkono mwingine ukatua hapo hapo. Ulikuwa wa mwanamume, safi, umesuguliwa kwa sabuni, lakini ndani ya kucha mlikuwa na weusi uliogoma kutoka.

"Samahani, bibie," mwenye mkono akasema. "Jora hili nimelitazama tangu asubuhi."

"Hata paka hutazama nyama, bwana. Mie nimelishika."

Watu wakacheka. Mwanamume naye akacheka, na hapo Mwanaasha akamwangalia vizuri. Suruali ya kaki imepigwa pasi ikasimama, shati jeupe, kofia ya viua imeinamishwa upande mmoja kwa madaha. Alinukia marashi, na chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya petroli. Akajitaja kuwa yeye ni Nassibu, karani wa forodhani, mtu wa Kimbiji anayekaa Temeke.

"Unataka kushona nini?" akauliza.

"Mikoba ya Idi. Na wewe?"

"Kitu cha kukalia."

"Kitu gani cha kukalia kinachotaka jora zima?"

"Wewe fundi? Basi chukua kipande cha mikoba yako, kinachobaki nishonee mie. Ila usiniulize ni cha nini."

"Bwana weee! Mie hata sanda huuliza ni ya nani."

"Hii si sanda."

"Ndivyo usemavyo," Mwanaasha akasema, lakini alikuwa ameshavua utepe wa kupimia shingoni. Ndivyo yalivyoanza mapenzi yao, kwa swali lisilojibiwa, na mapenzi yanayoanza hivyo hayakosi kuja kudai jibu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Malkia wa Waingereza avikwe taji. Nassibu akawa anakuja barazani kwa Mwanaasha jioni, baada ya sala ya alasiri, na halua mkononi na maneno matamu mdomoni. Alimwita Asha wangu, alimwita mwandani, alimsimulia vita vya Wajapani kule Bama, alikokuwa dereva wa jeshi la Mwingereza. Kila alipokuja alileta na kazi. Kwanza alileta magazeti aliyoyakata kwa umbo la viti viwili, migongo yake imelala nyuma. Kisha akaleta turubai jeusi la kushonwa kama paa la kukunja, lenye kidirisha nyuma. Kisha mikanda ya ngozi ya kutia vifungo vya chuma.

Shangazi Tabu, aliyemlea Mwanaasha tangu mama yake afariki, aliokota mgongo mmoja wa kiti akaugeuza huku na huku. "Kiti gani hiki cha kumlaza mtu shingo nyuma? Na mikanda hii anafungwa nani?"

"Anasema nitaona siku ikifika."

"Siku ikifika!" Shangazi akauweka chini kwa ncha za vidole. "Mwanangu, mwanamume akikwambia utaona, jua kuna ambalo hataki ulione."

Mwanaasha alimpenda. Tuseme hivyo, tusizunguke. Alipenda alivyocheka, alivyomsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi, alivyovua viatu nje hata alipoambiwa asivue. Lakini kila siku, kabla ya saa zile za barazani, Nassibu alipotea. Ofisi ilimwachia mchana, na barazani alifika jua likielekea kuzama. Katikati pale hakuna aliyejua alipo. Kila alipofika alikuwa ameoga, na kila alipooga petroli ilibaki.

Duka la Mhindi lilikuwa na simu, na Mwanaasha akienda kuchukua nyuzi, Nassibu alimpigia hapo kutoka forodhani. Mhindi alimpa chombo kisha akajifanya anapanga makopo.

"Haloo? Fundi wangu?"

"Ndiye."

"Sauti yako hii, naogopa waya utayeyuka."

"Usinipake mafuta. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Nilipita forodhani. Wameniambia umetoka zamani."

"Kazi nyingine, mwandani."

"Hiyo kazi nyingine imejifunga kanga?"

Nassibu akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Asha, mie sina mke, sina hawara, sina mtoto wa kificho. Naapa."

"Una nini, basi?"

"Nina subira."

Mwanaasha akakata simu. Mhindi akatikisa kichwa akasema, "Mtu mwenye subira nyingi hivyo, bibi, ana jambo." Kumbe hata makopo yalikuwa yameshapangwa siku nyingi.

Mwaka huo uvumi wa mumiani ulikuwa umerudi, kama ulivyokuwa ukirudi kila baada ya miaka michache. Watu walisema wako watu weusi kama sisi, wamenunuliwa, wanamkamata mpita njia, wanamlaza, wanamtia mpira mwilini na kumnyonya damu mpaka tone la mwisho, damu ipelekwe kwa Wazungu ikafanywe dawa. Na hao mumiani, walisema, wana gari lao, na gari lao ni jekundu. Msomaji wa leo atacheka. Angekuwapo Temeke mwaka ule asingecheka; angefunga mlango mapema kama wenzake.

"Hebu niambie," Shangazi Tabu akaanza siku moja, anachagua mchele. "Yule bwana wako anajua Kizungu?"

"Karani wa forodhani asijue Kizungu?"

"Na uani kwake amezungusha makuti marefu kuliko mtu. Majirani wanasikia vyuma, wanasikia mtu anapuliza, wanasikia kitu kinanguruma kisha kinanyamaza. Anaingia yeye na rafiki yake Mwinjuma tu. Na wewe umemshonea vya kumlaza mtu, vyekundu, visionyeshe doa."

"Shangazi, jamani!"

"Mie sijasema neno," Shangazi akasema, na ni kweli hakulisema. Alikuwa ameliacha pale kwenye ungo katikati ya mchele, na Mwanaasha hakuweza tena kula wali ule.

Alhamisi mchana aliweka sindano chini, akavaa buibui akaenda mtaa wa pili. Jua lilikuwa kali, watu wamejificha ndani. Akauzunguka uwa wa Nassibu mpaka nyuma, akapata mahali makuti yameachana, akaweka jicho.

Kwanza aliona wekundu. Ubavu wa gari dogo, la chini, refu puani, na gurudumu la vyuma vyembamba kama njiti. Kisha akaona kiti chake. Aliujua mshono wake kama mtu ajuavyo mwandiko wake. Juu ya kiti kile alilala Mwinjuma, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia nje ya mlango. Hakutikisika. Chini, kando ya gurudumu, Nassibu alikuwa amelala kifudifudi, ameshika mpira mwembamba unaotoka mvunguni. Mpira ule ulishuka ndani ya chupa, na ndani ya chupa kilikuwa kinadondoka kitu chekundu, tone kwa tone, naye anakitazama kwa makini na upole, vilevile alivyozoea kumtazama Mwanaasha akishona.

Hakupiga kelele. Miguu ilimrudisha nyumbani yenyewe. Alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga, na Shangazi Tabu alipomuuliza mara ya tatu ana nini, akasema, "Nimemwona Mwinjuma amelala kwenye gari jekundu, na Nassibu anakinga chupa."

Basi. Maneno hayo tu. Kisha akalia, akamshika shangazi yake mkono, akasema, "Usimwambie mtu."

"Mie nimwambie nani?" akajibu Shangazi Tabu.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Mwanaasha alisikia mtaa unavuma. Miguu mingi ilipita dirishani ikikimbilia upande mmoja. Mtu akapaza sauti, "Mumiani! Mumiani wa mtaa wa pili! Mwinjuma hajaonekana tangu jana!"

Akamgeukia shangazi yake. "Umemwambia nani?"

"Jirani tu. Na nilimwambia asiseme."

Mwanaasha alitoka bila buibui, kanga moja kiunoni, nyingine ameishika mkononi, utepe wa kupimia unamrukaruka kifuani. Alipofika, uwa ulikuwa umeshalazwa chini. Watu walijaa na fimbo, na mapanga pia yalikuwapo. Gari dogo lilikuwa wazi juani, jekundu kuliko alivyolikumbuka, na mbele yake alisimama Nassibu kwa fulana, spana mkononi, damu inamchirizika kutoka kwenye paji lilipopata jiwe.

"Ni gari tu, jamani!" alikuwa akisema. "Emji, gari la mbio la Kiingereza! Lilikuwa la Mzungu wa Oysterbay. Alilitumbukiza maji ya chumvi, likafa, akaliuza kama chuma chakavu. Mwaka mzima natengeneza! Mbao zake za ndani zililiwa na mchwa, nimezichonga upya kwa mninga. Tazameni!"

"Mwinjuma yuko wapi?"

"Kaenda Chanika kwao, kung'oa mihogo!"

"Muongo! Na damu ile?" Mtu akanyoosha fimbo kwenye chupa iliyosimama juu ya boneti.

"Ni mafuta ya breki! Yanasukuma breki! Tulikuwa tunayatoa upepo, mmoja anakanyaga juu, mmoja anakinga chini…"

Kila alivyoeleza alizidi kuharibu, maana nani aliwahi kusikia mafuta mekundu, na upepo unaokingwa kwa chupa? Duara likazidi kubana. Jiwe la pili likapita sikioni mwake.

Ningependa kusema Mwanaasha alimwamini. Hakumwamini. Alichokiona Alhamisi kilikuwa bado machoni pake, na spana ile, na yale macho ya mtu aliyebanwa, havikumsaidia kukisahau. Lakini aliiona damu ya kweli, ile iliyokuwa ikishuka kwenye nyusi za Nassibu, na kifua chake kikamwambia kwamba ikimwagika zaidi ya hiyo yeye hatakuwa na pa kukaa katika dunia hii. Hakufikiri zaidi. Alisukuma watu kama alivyosukuma siku ile dukani, akapita mbele ya mapanga, akafungua kile kimlango kidogo cha gari, akaingia akakaa.

Kelele zikakatika. Mtu aliyekaa mwenyewe kwenye gari la mumiani hakuwahi kuonekana.

"Viti hivi nimeshona mie," Mwanaasha akasema. "Turubai hili nimeshona mie. Kama ni vya kunyonyea damu, anzeni na fundi. Haya, nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Lakini hakuna aliyeondoka.

"Na chupa, je?" sauti ya nyuma ikauliza.

Mwanaasha akaitazama chupa. Akateremka, akaichukua. Akatumbukiza kidole. Kikatoka kimelowa, chekundu, kinang'aa. Akafumba macho, akakipeleka puani.

Akafumbua macho. Akanusa tena.

"Nyonyo," akasema polepole, kama mtu asiyejiamini. Kisha kwa sauti kubwa, "Haki ya Mungu, haya ni mafuta ya nyonyo!"

Mkunga mzee wa mtaa alikuwa mbele, maana wazee wa namna hiyo hawakosi kuwa mbele. Akaipokea chupa, akanusa, akasugua tone kati ya vidole, akawageukia wanaume wenye fimbo. "Wametia rangi, na kileo kidogo, lakini ni nyonyo. Nusu yenu hapa nimewanywesha mafuta haya mlipofunga choo utotoni. Aliyesahau aje nimkumbushe."

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili. Wakapokezana chupa, kila aliyenusa akikunja uso, maana nyonyo haisahauliki. Mwenye panga akaliangalia panga lake kama la kuazima, akaondoka nalo kimya. Mwinjuma aliporudi kesho yake na kikapu cha mihogo, watu walimgusagusa mabega njia nzima, yeye asielewe mapenzi hayo yametoka wapi. Alhamisi, alisema, alikuwa ametoka zamu ya usiku, na kukanyaga breki juani kulimtia usingizi.

Mtaa mzima ukamsifu Mwanaasha. Mwanamke ni yule, walisema. Wote tulipofushwa, yeye peke yake aliona. Kila sifa ilimchoma. Shangazi Tabu alimwambia, "Nyamaza, mwanangu. Mungu amelifunika, wewe unalifunulia nini?"

Siku chache baadaye Nassibu akaja barazani, kitambaa kimefungwa kichwani, kanzu nyeupe imekunjwa mikono. Hakuleta halua. Akakaa, akamtazama Mwanaasha kwa macho yaliyojaa.

"Asha, wale ni majirani zangu. Tumezikana, tumeozana. Wote walinishuku. Wote, isipokuwa wewe. Mie sitakulipa mpaka kufa."

Ndani ya nyumba Shangazi Tabu akakohoa kikohozi kisicho na kifua.

Mwanaasha angeweza kunyamaza. Neno moja dogo la shukrani lingetosha, na mume angekuwa amempata. Akaukunja utepe wake, akaukunjua.

"Nani alikwambia sikukushuku?" akasema.

"Unasema nini?"

"Alhamisi nilichungulia. Niliona mpira, nikaona chupa, nikamwona Mwinjuma kama maiti. Nikarudi nikasema hapa ndani. Yaliyotoka hapa ndiyo yaliyokuja kwako na mapanga. Jiwe hilo la kichwani, Nassibu, nimelirusha mie."

Nassibu akasimama. Akaenda mpaka ukingo wa barabara, akasimama pale amempa mgongo. Lori la kwenda Mbagala likapita, vumbi likamfunika, hakujali. Mwanaasha alijua akivuka tu barabara ile hatarudi tena.

Alirudi. "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza! Dukani, kwenye simu, hapa ulipokaa. Kila nikiuliza unanipa fumbo na halua. Mtu anayeficha, mwenzake atajaza mwenyewe."

Nassibu akakaa. Alipozungumza, sauti ilikuwa chini. "Kabla yako nilikuwa na mchumba Kinondoni. Aliniacha kwa mwenye lori. Nikaapa safari hii atakayenipenda atanipenda natembea kwa miguu. Gari ningelionyesha baada ya ndoa."

Mwanaasha akamtazama, na hasira ikampanda kweli. "Yaani ulikuwa unanipima? Mie, niliyekufungia vifungo vya mikanda mpaka vidole vikatoka malengelenge, ulinidhania mwenye tamaa ya gari?"

"Nilikudhania."

"Basi tuko sawa. Wewe ulinishuku tamaa, mie nikakushuku damu. Tofauti yetu ni kwamba mie nusura nikuue."

Barabarani mwuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, hakuna aliyemwita.

"Niambie moja," Nassibu akasema, "na usinifiche kwa kunihurumia. Siku ile, ulipofungua mlango ukakaa kwenye kiti, ulikuwa umeshajua ni mafuta?"

"Sikujua. Chupa nilinusa baadaye, mbele yako."

"Kwa hiyo ulipokaa…"

"Nilipokaa nilikuwa bado naamini wewe ni mumiani."

"Na ukakaa?"

"Nikakaa."

Akainama, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye kucha nyeusi, na mabega yakamtikisika. Mwanaasha hakujua kama anacheka au analia, na nadhani hata mwenyewe hakujua. Alipoinua uso alikuwa amelowa machozi.

"Ijumaa ijayo nawaleta wazee wangu kutoka Kimbiji," akasema. "Kama utawapokea."

"Waje," Mwanaasha akasema, sauti yake nayo haikuwa kavu. "Ila waje kwa miguu."